Uhaba Si Bei: Somo la Pesa Kutoka Soko la Treni Ndogo za Brasi

Leo tunaenda mbali kidogo na mambo tuliyozoea ya akiba, mikopo na kutuma pesa nyumbani. Tunaenda Japani, Korea Kusini na Marekani, kuangalia soko ambalo pengine hujawahi kulisikia: soko la kuuziana treni ndogo za brasi.

Ndiyo, treni. Ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza. Na usicheke bado, kwa sababu injini moja mpya ya aina hii leo inaweza kuuzwa zaidi ya dola 1,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki moja za Kenya, kwa treni isiyobeba abiria hata mmoja.

Kwa nini tunakuletea habari hii wewe unayelipa nauli na kununua unga kwa simu? Kwa sababu karibu kila nyumba ina kitu ambacho mtu aliambiwa, "Nunua tu, hizi haziko nyingi, bei itapanda." Inaweza kuwa ploti, saa, sarafu za zamani, viatu vya toleo maalum au gari la miaka hiyo. Wapenzi wa treni za brasi waliambiwa maneno hayo hayo kwa miaka mingi. Wengine walipata faida. Wengi wamegundua kwamba uhaba na bei ni vitu viwili tofauti.

Ukisoma hadi mwisho utajua namna ya kuuliza swali moja ambalo linaweza kukuokolea pesa nyingi: "Nikitaka kukiuza, nani atakinunua?"

Treni ya brasi ni nini hasa?

Brasi ni ile shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki. Ndiyo inayotengenezea mifereji ya maji na kufuli, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua sana. Treni tunazozungumzia ni nakala ndogo za treni halisi zilizotengenezwa kwa brasi, kila bomba, ngazi na kengele ikiwa mahali pake.

Kipimo kinachopendwa zaidi kinaitwa HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Ukitaka kupata picha, tembelea Makumbusho ya Reli pale Nairobi uone injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya zile Garratt kubwa zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Injini ile ina urefu wa zaidi ya mita 31. Ukiipunguza mara 87 unapata kitu cha sentimita 36 hivi.

Wakusanyaji wengi wa treni za brasi wako Marekani, kwa hiyo nakala nyingi ni za reli za Marekani. Mfano maarufu ni Big Boy ya kampuni ya Union Pacific. Zilitengenezwa injini 25 tu kati ya 1941 na 1944, na kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 40 pamoja na behewa lake la makaa na maji.

Kazi ya kutengeneza modeli ya brasi ni ya mkono. Bati jembamba la brasi linachongwa kwa asidi, vipande vidogo vinamiminwa kwenye kalibu, halafu fundi anaunganisha mamia ya vipande kwa solda, kimoja baada ya kingine. Kwa sababu hiyo, kiwanda hutengeneza chache tu kwa kila aina, mara nyingi makumi au mamia machache, halafu wanahamia aina nyingine. Uhaba wake ni wa kweli. Hakuna aliyedanganya hapo.

Zilianzaje? Hesabu ya yeni na dola

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walikaa Japani. Baadhi yao walikuwa wapenzi wa treni, na walikuta mafundi Wajapani wenye mikono hodari ajabu. Duka kama Tenshodo la mtaa wa Ginza, Tokyo, likawa jina linalojulikana na wapenzi wa treni hadi ng'ambo. Baadaye kampuni za Marekani kama Pacific Fast Mail ya Edmonds, jimbo la Washington, zikaanza kuagiza modeli kutoka Japani na kuziuza kwa Wamarekani.

Sasa hapa kuna jambo la pesa. Kuanzia 1949 hadi 1971, dola moja ilikuwa sawa na yeni 360, bila kubadilika. Mshahara wa fundi wa Tokyo, ukiugeuza kuwa dola, ulikuwa mdogo sana kwa Mmarekani. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 modeli nyingi za brasi ziliuzwa chini ya dola 100.

Kisha yeni ikaanza kupata nguvu. Kufikia mwisho wa 1978 dola moja ilikuwa inapata chini ya yeni 200. Hebu tufanye hesabu. Modeli inayouzwa na kiwanda kwa yeni 36,000 ingemgharimu Mmarekani dola 100 wakati wa yeni 360. Dola ikifika yeni 200, modeli ile ile, fundi yule yule, inakuwa dola 180. Hakuna kilichoongezwa kwenye treni. Kilichobadilika ni bei ya pesa yenyewe.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hili. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160, kila aliyeagiza simu au vipuri vya gari alihisi.

Waagizaji wakahamia Korea Kusini, ambako gharama ilikuwa chini. Viwanda kama Samhongsa na Ajin vikachukua kazi, na katika miaka ya 1980 Korea ndiyo iliyokuwa kitovu cha brasi. Lakini mishahara ya Korea nayo ikapanda, na bei ya modeli mpya ikazidi kupanda nayo.

Kwa nini watu waliziona kama akiba

Fikiria wewe ni Mmarekani wa mwaka 1980. Una injini uliyonunua kwa dola 60 miaka kumi na tano nyuma. Kila mwaka modeli mpya dukani zinakuwa ghali zaidi. Ukienda kwenye maonyesho ya treni wikendi unaona mtu anauza injini kama yako kwa mara tano ya bei uliyolipa. Kuna hata vitabu vya bei vinavyochapishwa, vinavyoonyesha kila modeli, mwaka wake na thamani yake.

Ungefikiria nini? Ungefikiria kama kila mtu: hii si mchezo tena, hii ni akiba. Watu wakaanza kununua modeli ambazo hawakuwahi hata kuziweka kwenye reli. Zilikaa ndani ya boksi, boksi ndani ya kabati, zikingojea bei.

Tulia hapo kidogo. Mtu anayenunua kitu ili akitumie anajua thamani yake leo, maana anaifurahia leo. Anayenunua kitu ili amuuzie mwingine anategemea mtu ambaye hajamwona, kwa bei ambayo haijulikani, siku ambayo haijapangwa. Hao ni wanunuzi wawili tofauti, hata kama wamelipa bei moja siku moja kwenye duka moja.

Kitu gani kilibadilika?

Mambo matatu.

La kwanza, plastiki ilipata akili. Kutengeneza kalibu ya chuma kwa ajili ya modeli ya plastiki ni ghali sana mwanzoni, lakini ukishakuwa nayo unatoa maelfu ya nakala kwa bei nafuu. Zamani modeli za plastiki zilikuwa duni, hazina hata robo ya maumbo madogo ya brasi. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya China vikaanza kutoa modeli za plastiki na za chuma cha kumimina zenye umbo safi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama Broadway Limited Imports zikaleta injini zenye sauti ndani yake: honi, kengele, pumzi ya mvuke. Bei yake? Dola mia chache.

Ukilinganisha, modeli nyingi za brasi za zamani zina mota ya zamani inayokula umeme mwingi, hazina sauti, na hazina kifaa cha kuendeshwa kwa mfumo wa dijitali. Tena mwili wake ni chuma kitupu kinachopitisha umeme, kwa hiyo kwenye kona kali sehemu mbili zikigusana unaweza kupata shoti. Yule mnunuzi aliyetaka tu injini nzuri ya kuendesha nyumbani akaondoka kwenye soko la brasi akaenda kwenye plastiki.

La pili, kumbukumbu ilizeeka. Injini za mvuke ziliisha kwenye reli kubwa za Marekani kufikia mwaka 1960 hivi. Mtoto wa miaka 10 aliyesimama kando ya reli mwaka 1955 akitazama moshi ukipita alifikisha miaka 80 mwaka 2025. Huyo ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa modeli za mvuke. Hakuzipenda kwa sababu ni chache, alizipenda kwa sababu alimwona babu yake akishuka kwenye ile halisi. Kijana wa leo hana kumbukumbu hiyo. Akipenda treni, huenda anapenda ile ya dizeli inayopita mtaani kwao sasa hivi.

Na watu wa umri huo wanapofariki au kuhamia nyumba ndogo, makusanyo yao yanakuja sokoni yote kwa pamoja. Wauzaji wanaongezeka, wanunuzi wanapungua. Hapo huhitaji profesa wa uchumi kukueleza bei inaelekea wapi.

La tatu, intaneti ilifunua kabati. Kabla ya eBay kuanzishwa mwaka 1995, mtu wa Ohio aliyetaka injini fulani angeweza kuitafuta miaka mingi bila kuiona. Akaamini haipo. Minada ya mtandaoni ilipofika, ikaonekana kwamba zipo nyingi, zimelala tu kwenye makabati ya nchi nzima. Modeli zilizotengenezwa 300 bado zilikuwa 300, hakuna iliyoongezeka. Ila sasa mnunuzi aliweza kuona tatu zikiuzwa wiki moja, akachagua ya bei ya chini.

Bei tatu za kitu kimoja

Hili ndilo jambo tungependa uondoke nalo. Kitu chochote cha kuuzwa tena kina bei tatu, na watu huzichanganya.

1. Bei ya kitabu. Hii ni ile iliyoandikwa mahali: kwenye kitabu cha bei, kwenye ripoti ya mthamini, au kichwani mwa shemeji yako. Ni maoni ya siku ile.

2. Bei inayoombwa. Hii ni ile muuzaji ameweka kwenye tangazo. Mtu anaweza kuomba dola 3,000 kwa injini na tangazo likakaa miaka miwili. Kuomba ni bure.

3. Bei iliyolipwa. Hii ni ile mtu alitoa mfukoni. Kwenye eBay unaweza kuchuja matangazo uone vitu vilivyokwisha kuuzwa na kiasi kilicholipwa. Wajanja wa soko la brasi hawatazami kitu kingine.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Ukiambiwa ploti za sehemu fulani "zinaenda" milioni mbili, uliza: zinaenda, au zinaombwa? Nani alinunua mwezi uliopita, na alilipa ngapi? Kama hakuna anayeweza kukutajia mauzo hata mawili ya kweli, hiyo bado ni bei inayoombwa.

Tufanye hesabu pamoja

Tuseme mtu alinunua injini ya brasi mwaka 1980 kwa dola 500. Mwaka 2024 anaiuza kupitia dalali kwa dola 1,200. Kwa macho amepata faida ya dola 700. Sasa tutoe gharama:

Bei ya kuuza: dola 1,200.
Kamisheni ya dalali, tuseme asilimia 20: dola 240.
Kufunga vizuri, kutuma na bima, tuseme: dola 40.
Kinachoingia mfukoni: dola 920.

Bado ni zaidi ya 500, sivyo? Subiri. Kwa mfumuko wa bei wa Marekani, kilichonunuliwa kwa dola 500 mwaka 1980 kilihitaji karibu dola 1,900 mwaka 2024. Kwa hiyo ili asimame tu pale pale alipokuwa, alihitaji kupata 1,900. Amepata 920. Baada ya miaka 44 ya kupangusa vumbi, amebaki na chini ya nusu ya nguvu ya pesa aliyoweka.

Je, alipoteza? Inategemea. Kama aliifurahia ile injini miaka 44, akawaonyesha wajukuu, akakutana na marafiki kwa sababu yake, basi alilipa burudani kwa bei nzuri sana. Kama aliificha kwenye boksi akisubiri utajiri, alipoteza mara mbili.

Zipi bado zinauzika?

Tusiwe wa kutisha tu. Soko la brasi halijafa. Kuna modeli zinazogombaniwa hadi leo, na ukiangalia kwa makini utaona zinafuata kanuni ambazo mfanyabiashara yeyote wa mitumba Gikomba anazijua. Bale ikifunguliwa, kuna kamera na kuna fagia. Zote zimetoka bale moja, lakini si bei moja.

Kuna kitu kisichopatikana kwingine. Injini maarufu ambayo plastiki imeshaitengeneza mara kadhaa imeshuka bei. Injini ya reli ndogo ambayo hakuna kiwanda cha plastiki kitakachothubutu kuitengenezea kalibu bado ina watu wake, kwa sababu akiitaka hana njia nyingine.

Kuna jina la aliyetengeneza na mwaka. Modeli mbili za injini ile ile, moja ya miaka ya 1960 na nyingine ya miaka ya 1990, ni kama simu ya kubofya na simu ya kisasa. Ya karibuni ina maumbo mengi zaidi na mota bora. Mwenye kujua hutaja kiwanda kwanza, injini baadaye.

Kuna hali ya modeli yenyewe. Je, inatembea vizuri? Kuna kipande kilichovunjika au kupotea? Rangi ilipakwa na nani? Rangi nzuri ya fundi anayejulikana inaweza kuongeza bei. Rangi ya mtu aliyejaribu bahati yake sebuleni huishusha, na wanunuzi wengine hupendelea brasi tupu isiyopakwa kitu ila vanishi.

Na kuna boksi. Hili huwashangaza wengi. Boksi la awali huongeza thamani, kwa hiyo watu waliyatunza. Lakini sponji ya zamani iliyowekwa ndani huoza kadiri miaka inavyopita, inageuka kuwa unga unaonata, na inaweza kushika na kuharibu vanishi au rangi. Yaani kitu kilichowekwa kukilinda ndicho kinachokila. Ndiyo maana mnunuzi makini huomba picha ya boksi lililofunguliwa, na mtunzaji makini hutoa sponji ile na kuweka mpya.

Kulipa mtu usiyemjua

Soko hili liko mbali mbali. Muuzaji yuko Texas, mnunuzi yuko Ontario, na kinachouzwa ni cha laki moja na zaidi. Ni mahali pazuri kwa matapeli, kama soko lolote la mtandaoni.

Wazoefu wana kanuni moja kubwa: usikubali kulipa kwa njia isiyokulinda. Kwenye PayPal, kwa mfano, malipo ya bidhaa yana ulinzi wa mnunuzi, lakini ukituma kama zawadi kwa ndugu au rafiki, ulinzi huo haupo. Tapeli atakuambia, "Tuma kama rafiki tu, tuokoe ada." Ada ile ndogo ndiyo iliyokuwa inakulinda.

Kwa pesa za simu, chukua somo hilo hivi:

Kumtumia mtu binafsi pesa ni kama kumpa noti mkononi. Pesa ikishatoka na yeye akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana, hata kwetu. Kwa hiyo kama mzigo uko mbali na muuzaji humjui, lipa unapoupokea na kuukagua.

Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Kama unanunua kwa "duka" na jina linalotokea ni la mtu ambaye hamkumtaja, simama. Uliza kwanza.

Omba picha mpya, si ile ya kwenye tangazo. Wanunuzi wa brasi huomba injini ipigwe picha chini ya tumbo, au iwekwe kando ya karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mali hatakasirika. Asiye nayo atakuwa na visababu vingi. Usikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Haraka ni dalili. "Kuna mwingine anakuja saa hii, tuma deposit tu" ni wimbo wa zamani. Kitu kinachofaa leo kitafaa na kesho, na kama kimechukuliwa, kitakuja kingine.

Hifadhi ujumbe wa muamala. Ukihitaji kulalamika, hiyo ndiyo karatasi yako. Na kumbuka, hakuna muuzaji wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili upokee au urudishiwe pesa.

Watakaobaki watajuaje?

Sehemu hii ndiyo inayoumiza zaidi kwenye soko la treni za brasi, na ndiyo iliyotufanya tuchague mada hii.

Mzee anafariki. Familia inafungua kabati na kukuta maboksi mia moja. Mama anajua tu kwamba mzee alikuwa akisema, "Hizi ndizo zitakazowasaidia." Hakuna orodha. Hakuna anayejua ipi ni kamera na ipi ni fagia. Mnunuzi wa kwanza anayefika anachukua zote kwa bei ya kutupa, au familia inakatalia bei ya kitabu kwa miaka huku soko likiendelea kushuka. Yote mawili yanaumiza, na yote mawili yangezuilika kwa daftari moja.

Wakusanyaji wenye busara sasa wanaandika: modeli gani, nilinunua lini, nililipa ngapi, ni ya kiwanda gani, na mtu wa kuaminika wa kuulizwa ni nani. Wengine wanaanza kuuza wenyewe wakiwa hai, maana wanaijua mali yao kuliko mtu yeyote.

Nawe fanya hivyo kwa vyako. Ploti, hisa za sacco, mkopo uliompa binamu, pesa iliyo kwenye simu. Usiandike PIN popote, lakini andika kwamba akaunti ipo na iko wapi. Mwonyeshe mume, mke, au mtoto mkubwa daftari lilipo. Mali isiyojulikana na wanaobaki inaweza kugeuka ugomvi tu.

Je, hili linatuhusu sisi?

Unakumbuka kware? Mwaka 2013 na 2014 nchi hii ilishikwa na homa ya kware. Mayai yaliuzwa bei ya kushangaza, watu wakachukua mikopo, wakajenga vizimba, wakatafuta leseni. Wakati ule kware walikuwa wachache kweli. Lakini wengi waliokuwa wakinunua walikuwa wafugaji wapya wanaoanza, si watu wanaotaka kula. Wafugaji wapya walipoisha, mnunuzi akaisha. Bei ikaanguka, na watu wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasiokuwa na soko.

Treni za brasi zilichukua miaka mingi kushuka, kware walichukua miezi. Kasi ni tofauti, lakini sababu ni moja: watu walihesabu bidhaa zilizopo, wakasahau kuhesabu wanunuzi.

Maswali matano kabla ya kulipa

Wakati mwingine ukiambiwa ununue kitu "kwa sababu bei itapanda", jibu haya kwanza, ikiwezekana kwa maandishi:

1. Nani atakinunua kutoka kwangu? Mtaje, au taja aina ya mtu. "Watu" si jibu.
2. Anakitaka ili akitumie, au ili naye akiuze?
3. Ni mauzo gani mawili ya kweli ninayoyajua, yenye kiasi kilicholipwa?
4. Nikitaka pesa yangu wiki hii kwa dharura, nitapata ngapi baada ya kamisheni, usafiri na ada?
5. Bei isipopanda hata shilingi moja, bado nitafurahi kuwa nacho?

Ukijibu ndiyo kwa la tano, nunua kwa amani kama mfuko unaruhusu, hata kama ni treni ya brasi. Utakuwa umenunua furaha, na bei ikipanda hiyo itakuwa nyongeza. Ukijibu hapana, na maswali mengine manne hayana majibu, pesa yako ikae kwanza kwenye akiba unapoweza kuipata mtoto akiugua usiku.

Una kitu nyumbani ulichowahi kuambiwa kitapanda bei? Kifanyie maswali haya matano jioni ya leo, pamoja na wenzako wa nyumbani. Na kama kuna mtu kwenye chama chenu anayekaribia kutuma deposit ya kitu adimu, mtumie somo hili kabla hajathibitisha.